Uzi: Si kila namba inataka chati. Lini tuchore, lini tuache jedwali?

KaraniLangoni (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Kazi yangu ni kuandaa ripoti za vikundi: wavuvi, vyama vya kina mama, kamati za maji. Nazunguka hapa Lamu na visiwani, na mara nyingine naitwa Malindi. Kuna jambo linanisumbua moyo na nataka tulijadili kwa kina.

Siku hizi mtu akishaingiza namba zake kwenye Excel, kinachofuata ni kubonyeza chati. Hajajiuliza anamwonyesha nani, wala huyo mtu anataka kujua nini. Basi unakuta ripoti imejaa maduara ya rangi ukurasa baada ya ukurasa, na wavuvi wamekaa chini ya mti wa mkungu wakingoja kuambiwa jambo moja tu: mwaka huu tumevua zaidi au tumevua kidogo, na kwa nini.

Msimamo wangu ni huu. Chati ichorwe pale swali linapohusu umbo la mambo: kinachopanda na kinachoshuka, kipi kimekiacha kipi kwa mbali, vitu viwili vinakwenda pamoja au kila kimoja na njia yake. Swali likiwa "ngapi hasa?", weka jedwali. Na jibu likiwa namba moja au mbili, andika sentensi, usimchoshe mtu.

Chukueni sensa. Mwaka 2009 Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 101,539. Mwaka 2019 wakawa 143,920. Nimeletewa ripoti (ofisi siitaji) yenye nguzo mbili nene zimejaza ukurasa mzima kwa ajili ya namba hizo mbili. Sentensi moja ingetosha: katika miaka kumi, kwa kila wakazi 100 wa Lamu wameongezeka karibu 42. Msikilizaji ataikumbuka hiyo hadi nyumbani.

Sasa tazama ndani ya ile 143,920. Wanaume 76,103, wanawake 67,813, na huntha (waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kikamilifu) 4. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu huntha peke yao. Ukichora nguzo, na ya wanaume ukaipa urefu wa sentimita 20, ya wale wanne itakuwa na kimo cha sehemu moja ya mia ya milimita. Wino wa mstari wa chini ni mnene kuliko hiyo. Maana yake ni kwamba chati imewafuta watu wanne ambao nchi ilichukua miaka mingi kukubali kuwahesabu. Kwenye jedwali wapo, wana mstari wao, na namba 4 inasomeka sawasawa na 76,103. Hapo mimi sina mjadala, ni jedwali.

Lakini nikiulizwa Lamu ni ndogo kiasi gani kwa watu ukilinganisha na kaunti nyingine, nitachora bila kusita. Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Ukiipa nguzo ya sentimita 30, Lamu haifiki hata sentimita moja. Na kati ya kaunti zote 47 sisi ndio wa mwisho kwa idadi ya watu. Anayetufuata ni Isiolo mwenye 268,002. Zipange kaunti kwa ukubwa, wala si kwa alfabeti, na mtu ataona papo hapo kwa nini mgao wa fedha unaofuata idadi ya watu hutuumiza sisi wenye visiwa na gharama ya boti. Haya ukiyasema kwa maneno matupu watu hupiga miayo, ila wakiiona ile nguzo fupi wanaanza kuuliza maswali.

Karibuni.

MwalimuMalindi

Waalaykum salaam. Uzi mzuri, na umenigusa kwa sababu nafundisha hesabu. Mitihani yetu inampa mwanafunzi data na kumwambia "chora grafu ya nguzo". Haimuulizi kamwe kama data hiyo ilistahili kuchorwa. Anamaliza shule akiwa fundi wa kuchora, lakini hajawahi kufanya uamuzi wenyewe. Ndiyo maana akiajiriwa anachora kila kitu.

Nina maswali mawili. La kwanza, mbona ya duara unaisema vibaya? Watoto wanaielewa haraka kuliko zote. La pili, hiyo hesabu ya Lamu kukua kwa 42 kwa 100: Kilifi yetu imeongeza watu wengi kuliko nyinyi. Mbona ukichora inaonekana tofauti?

KaraniLangoni

Shikamoo mwalimu. Hilo la mtihani nakubaliana nawe moja kwa moja, na ingekuwa hiari yangu ningeongeza swali: "Toa sababu ya kuchora au kutochora."

Nianze na la pili. Kilifi ilitoka 1,109,735 mwaka 2009 ikafika 1,453,787 mwaka 2019. Nyongeza ni watu 344,052. Lamu nyongeza yetu ni 42,381. Ukichora nyongeza kwa watu, Kilifi inatumeza. Ukichora kwa asilimia, Lamu ni karibu 42 na Kilifi ni 31, sisi tuko juu. Chati zote mbili ni za kweli! Anayepanga madarasa na vitanda vya hospitali anahitaji ile ya watu, kwa sababu madawati yanahesabiwa kwa vichwa. Anayetaka kujua ni wapi huduma zinaelemewa kwa kasi anahitaji ya asilimia. Kwa hiyo kabla ya kuchora ni lazima ujue anayeuliza ni nani. Anayechora bila kujua hilo huchagua upande pasipo kujijua, na mwenye nia mbaya huchagua makusudi.

Duara sasa. Chati za mistari na nguzo kama tunazozijua alizitoa William Playfair, Mskochi, mwaka 1786, na mwaka 1801 akaleta duara. Kwa hiyo zote ni za mkono mmoja, ila hazifanyi kazi sawa. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill, Wamarekani, walipima jinsi macho ya watu yanavyokadiria. Walikuta tunakadiria vizuri zaidi tunapolinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama vichwa vya nguzo zilizosimama pamoja. Pembe tunazikadiria vibaya zaidi, na eneo ndiyo mbaya kupita pembe. Duara ni pembe na eneo.

Jaribu darasani kwako na Kilifi hiyo hiyo: wanawake 749,673, wanaume 704,089. Ni asilimia 51.6 na 48.4. Kwenye duara utaona nusu kwa nusu. Kama ulichotaka kusema ni "ni karibu sawa", duara limefanya kazi yake. Kama ulitaka kusema wanawake ni wengi zaidi kwa watu elfu 45 na kitu, duara limekuficha. Mimi duara nalitumia likiwa na vipande viwili au vitatu, na swali ni sehemu ya kitu kizima: mafuta ya boti yanakula nusu ya mapato, ndiyo au siyo? Zaidi ya hapo naacha.

NahodhaMkongwe

Mwanangu, mimi nimesoma nikanyamaza, sasa niseme kitu. Mimi baharini nimetumia jedwali la maji kujaa na kupwa maisha yangu yote. Lina saa na kimo, basi. Hakuna michoro. Na kabla ya hilo jedwali wazee wetu walitazama mwezi. Hizi chati ni za watu wa ofisini. Kwenye kikao cha wavuvi mtu asimame aseme kwa mdomo, watu watamwelewa.

KaraniLangoni

Shikamoo mzee. Maneno yako yanaunga mkono uzi kuliko unavyodhani.

Jedwali la maji ni jedwali kwa sababu wewe unataka saa. Unataka kujua maji yatajaa saa ngapi ili jahazi lipite mlangoni lisikwame. Mchoro wa wimbi ungekuonyesha kwamba maji yanapanda na kushuka, jambo unalolijua tangu utotoni, lakini ungekuacha ukikisia dakika. Na dakika ndizo zinazokukwamisha kwenye mchanga. Hata jedwali lenyewe naona lina kasoro kwa watu wetu: linaandika 03:42 wakati sote tunasema saa tisa na dakika arobaini na mbili usiku. Kila ninapolinakili kwa kikundi naziandika saa kama tunavyozisema, na watu wamenishukuru.

Lakini mzee, akija kijana mgeni wa bahari, au mtafiti, akauliza kwa nini wiki hii kina mama wanakwenda mbali kwenye miamba kutafuta pweza na wiki ijayo hawaendi, huyo nitamchorea mwezi mzima. Ataona bamvua maji yanavyopwa sana na kujaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, halafu maji mafu katikati, mstari unavyotulia. Namba ni zilezile za jedwali lako. Yeye ameuliza umbo, wewe unauliza saa.

Na kusema kwa mdomo, naam, hiyo ni ya kwanza kabisa. Mimi sijawahi kubandika karatasi nikanyamaza.

BintiFaza

Salaam. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nataka kuongeza mfano ambao kina mama wote hapa wanao nyumbani: kitabu cha kliniki cha mtoto. Ule ukurasa wa uzito wenye mistari iliyopinda ni chati, na ni chati inayofanya kazi kweli kweli.

Ukimwambia mama mtoto ana kilo nane, hajui ni nzuri au mbaya. Kilo nane kwa mtoto wa miezi sita na kilo nane kwa wa miaka miwili ni mambo mawili tofauti kabisa. Lakini ukiweka nukta ya mwezi huu karibu na ya mwezi uliopita na ya kabla yake, mama ambaye hajasoma hata darasa moja anaona mstari umelala wakati wa wenzake unapanda. Nimeona mama anaweka kidole kwenye ile nukta, anakipeleka pole pole kwenye mstari mnene wa juu, kisha ananiuliza, "Hapa alitakiwa awe?" Hapo ndipo mazungumzo ya chakula yanaanza. Bila ule mstari ningekuwa nahubiri tu.

Swali langu: kwenye ripoti zetu tunalazimishwa asilimia na chati kila mwezi. Kijiji kina watoto wanne wapya, wawili hawajamaliza chanjo. Tunaandika asilimia 50 na nguzo inapanda hadi nusu. Kijiji kingine kikubwa asilimia 12. Wakubwa wanakimbilia kwetu. Ni sawa?

KaraniLangoni

Mashaallah dada, mfano huo umenishinda, na nitauazima inshallah. Hiyo mistari ya kulinganishia inatokana na viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, na siri yake ndiyo hiyo uliyoisema: namba moja peke yake haina maana mpaka iwekwe kando ya zilizotangulia na kando ya inavyotarajiwa. Ukiona data yako ina hali hiyo, chora.

Kwa swali lako, si sawa. Watoto wawili kati ya wanne ni watoto wawili. Andika hivyo hivyo: "Wawili kati ya wanne, na wote tunajua nyumba zao." Mmoja tu akichanjwa kesho nguzo itaanguka kutoka 50 hadi 25, na mtu wa mbali atadhani kumetokea muujiza. Idadi ikiwa ndogo kiasi hicho weka jedwali lenye safu mbili za namba, waliofikiwa na waliotakiwa kufikiwa, na asilimia iache. Kama fomu inailazimisha, iandike, lakini idadi ya watu iwe kando yake na kwa herufi za ukubwa uleule.

TakwimuPwani

Mimi ni mwanafunzi wa takwimu, naomba nipinge kidogo. Kaka unasema tusichore ovyo, lakini sisi tunafundishwa kuchora kila kitu kwanza! Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila kundi likiwa na jozi za namba. Wastani wa kila kundi ni uleule, 9 kwa upande mmoja na 7.5 kwa upande mwingine, mtawanyiko uleule, hata uhusiano wa pande mbili ni uleule, 0.816. Ukisoma jedwali la muhtasari utaapa ni kitu kimoja. Ukichora, kundi moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, la pili limepinda, la tatu limenyooka isipokuwa nukta moja iliyotoroka, la nne nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja. Asiyechora anadanganyika.

KaraniLangoni

Hujanipinga ndugu yangu, umetenganisha mambo mawili ambayo nilitakiwa kuyatenganisha wazi: kuchora ili wewe ujue, na kuchora ili wengine waone.

Unapoipekua data peke yako, chora zote, hata kwa penseli nyuma ya bahasha. Ndiyo njia ya kugundua kwamba karani wa zamu aliandika kilo 450 mahali pa 45. Hizo ni chati za jikoni, hazitoki nje. Kwenye kikao peleka ile moja iliyobeba jambo. Ripoti zinazoniudhi ni zile zinazommwagia msomaji chati zote za upekuzi kana kwamba yeye ndiye anayetakiwa kutafuta.

Na kuna mahali ambapo si nguzo wala jedwali, ni ramani. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka vifo vya kipindupindu vya mtaa wa Soho, London, kwenye ramani, na vifo vikaonekana vimejikusanya kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Orodha ya majina na tarehe isingeonyesha hivyo. Hapa kwetu mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Kamati ikipima chumvi kwenye kila kisima na kuyapanga kwa namba ya kisima, huoni kitu. Yaweke kwenye ramani na utaona kama chumvi inaanzia ufuoni ikiingia ndani, au imezuka pale tu maji yanapovutwa sana. Swali likiwa "wapi", nenda kwenye ramani moja kwa moja.

Sasa wacha niseme lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo ni samaki wanaopimwa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo.

Mwisho wa mwezi kikundi kina orodha: chombo, kilo, bei, jumla. Kuna waliotaka nizigeuze nguzo, chombo kwa chombo, ili "ipendeze". Nilikataa na bado nakataa. Mvuvi akifika pale ubaoni hatafuti umbo, anatafuta jina la dau lake. Anashusha kidole mpaka alipate, kisha anakwenda mkono wa kulia: kilo ngapi, bei gani, shilingi ngapi. Analinganisha na karatasi yake aliyopewa kwenye mizani. Zikikubaliana, anaamini kikundi. Mama karanga (anayekaanga samaki na kuuza) naye anafanya hivyo hivyo kwa deni lake. Ukimpa nguzo iliyo "kama mia mbili na kitu hivi", umemnyang'anya uwezo wa kukukagua. Pesa ya mtu haichorwi, inaandikwa mpaka shilingi ya mwisho, na namba zipangwe upande wa kulia, mamia chini ya mamia, ili jicho lishuke bila kukwama.

Lakini data hiyohiyo, ukiijumlisha mwezi kwa mwezi kwa miaka kadhaa, inataka mstari. Kila mwaka hutokea mtu akachukua Juni akailinganisha na Februari na kutangaza samaki wameisha. Upepo wa kusi umevuma, vyombo vidogo vimebaki ndani ya miamba, bila shaka kilo zimeshuka! Chora mstari mmoja kwa kila mwaka, uupandishe juu ya mwenzake, Juni juu ya Juni. Bonde la kusi litaonekana kila mwaka mahali pale pale, na kilima cha msimu wa upepo wa kaskazi vilevile. Hapo ndipo unaweza kuuliza swali la haki: je, kilima chenyewe kinafupika mwaka hadi mwaka? Hilo jedwali la namba sitini halitakuonyesha mpaka macho yakuume.

MwalimuMalindi

Umeniridhisha kwa hilo la Juni juu ya Juni, nitalipeleka darasani. Na kuchora kwenyewe je? Huku tunapeleka projekta kwenye ukumbi ulio wazi pande zote, mchana, hakuna anachoona mtu.

KaraniLangoni

Mwalimu, kwenye jua mimi natumia karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, nachora kabla ya kikao. Inabaki ukutani wiki nzima, asiyefika anaiona.

Mengine kwa ufupi. Nguzo lazima zianze kwenye sifuri. Ukianzia 90, nguzo ya 100 inaonekana maradufu ya ile ya 95, na huo ni uongo hata kama namba ni sahihi. Mstari si lazima uanzie sifuri, ila andika wazi unapoanzia. Rangi usizitegemee, ripoti itapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na wako wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Andika jina kando ya mstari wenyewe. Na kichwa cha chati kiseme jambo: "Kilo hushuka kila kusi", badala ya "Mchoro wa 4: Mwelekeo wa uvuaji". Kama itatumwa WhatsApp, ifungue kwanza kwenye simu ndogo uone kama inasomeka.

BintiFaza

Kaka, la mwisho. Nina rekodi za kuhara za miezi, nataka kuzichora kama ulivyosema, mwaka juu ya mwaka. Nianzie Januari?

KaraniLangoni

Inategemea, dada. Kwa samaki mimi sianzii Januari. Kaskazi linaingia karibu Novemba na kukaa hadi Machi. Ukianzia Januari umelikata vipande viwili, nusu iko mwanzo wa karatasi na nusu mwisho, na kilima hakionekani. Naanzia Novemba, kinakaa kizima. Kwa kuhara angalia mvua: ya mwaka (masika) inaanza karibu Machi au Aprili na kwa pwani yetu huwa kubwa Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukianzia Januari vipindi vyote viwili vinabaki vizima, kwa hiyo kwako Januari inafaa. Weka alama ya miezi ya mvua chini ya mstari, kisha nitumie picha tuitazame pamoja kabla hujaipeleka.